SOMO: Blogu ya safari, miezi sita ya mwanzo (kabla hujaniuliza tena "mbona haisomwi")

Swali ni lile lile kila wiki: "Nimefungua blogu ya safari za Tanga, mwezi wa pili sasa, wasomaji kumi na wawili na nusu yao ndugu zangu. Nakosea wapi?" Naandika mara hii moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Nunua jina la tovuti. .co.tz au .com, fupi, bila vistari.

2. Sakinisha WordPress (programu ya kuendeshea blogu) kwenye hosti ya kulipia, yaani kompyuta ya kukodi inakokaa blogu yako. Ya bure ni ya kujifunzia.

3. Kwenye mipangilio ya usomaji kuna kisanduku cha kuzizuia injini za kutafuta. Hakikisha hakina tiki. Watu hukitia tiki wakati wa ujenzi, kisha wanasahau.

4. Anuani za kurasa. Hapa ndipo nilipoharibu mimi, kwa hiyo soma polepole. WordPress inaweza kukupa anuani ya namba (?p=57), au yenye tarehe ndani yake. Chagua ile ya jina la makala peke yake, na uichague SIKU YA KWANZA, kabla hujaandika chochote. Ukibadili baada ya miezi minne, Google imeshazishika anuani za zamani, na watu wameshazitupa kwenye magrupu ya WhatsApp. Anayebofya anakuta "ukurasa haupo". WordPress hujaribu kubahatisha ulikohamia, ila mara nyingine hubahatisha vibaya.

Kama umeshabadili, fanya hivi. Toa orodha ya anuani zote za zamani. Kila moja iwekee uelekezo wa 301 (amri ya "ukurasa huu umehamia kabisa") kwenda kwa mwenzake mpya, moja kwa moja. ONYO: usizielekeze zote ukurasa wa mbele kwa uvivu, maana Google huzihesabu kama kurasa zilizokufa. ONYO la pili: usiundoe uelekezo kabla ya mwaka kuisha. Jaribu anuani tano kwa mkono, kwenye simu ambayo haijaingia kwenye akaunti yako.

Na mwaka usikae kwenye anuani. "nauli-tanga-pangani-2024" inakuaibisha mwaka ukishapita. Mwaka uweke kwenye kichwa cha makala, huko unabadilika bila hasara.

5. Picha ya simu ni MB 3 au zaidi. Ipunguze upana uwe piseli 1200, ihifadhi kama WebP (aina ya faili nyepesi ya picha), ibaki chini ya KB 200. Msomaji wako yumo ndani ya basi na bando linamwishia.

6. Makala kumi za kwanza. "Uzuri wa Tanga" hakuna anayeutafuta. Ukurasa mmoja ujibu swali moja la mtu aliyeshika begi. Mapango ya Amboni: nashukia wapi nikitoka mjini kwa daladala, bodaboda hadi mlangoni ni shilingi ngapi, nivae viatu gani. Magofu ya Tongoni: nikimaliza kutazama makaburi na msikiti, jioni narudi na nini? Magofu ya Kaole: ni kama km 5 kutoka Bagamoyo mjini, je, kwa miguu kunatembeka? Kila bei iandikie tarehe uliyoiuliza, na utenganishe kiingilio cha raia na cha mgeni. Ukurasa mmoja wa namna hiyo unaleta watu kuliko ishirini za kusifia upepo wa bahari. Wanaokuja kwa sifa ndio wale wa waja leo waondoka leo.

7. Unganisha Search Console (chombo cha Google kinachokuonyesha watu walitafuta nini wakakuona), wasilisha ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zako, kisha usiiguse miezi miwili. Baada ya hapo angalia mambo mawili. Ukurasa unaoonekana sana lakini haubofywi, badili kichwa. Ukurasa ulioko nafasi ya 8 hadi 20 kwenye majibu ya Google, usiandike makala nyingine ya jambo hilo hilo: soma maneno waliyotafuta, uongeze aya inayokosekana.

8. Kwenye magrupu toa jibu kwanza, kiungo baadaye. Kiungo kitupu ni takataka.

---

Ngamiani_21: Mkuu, hosti gani nzuri?

Mwandishi: Sitangazi kampuni ya mtu. Waulize: nakala rudufu kila siku ipo? SSL (kufuli la usalama la tovuti) ni bure? Usiku simu inapokelewa?

Dogo_Makorora: Nimepandisha makala 60 kwa mwezi mmoja, nimezitafsiri kutoka tovuti za kitalii. Google haizioni kabisa. Tatizo ni hatua ya 3?

Mwandishi: Tatizo ni hizo 60. Soma hatua ya 6.

Dogo_Makorora: Sasa mbona wengine wanafanya na wanapata?

Mwandishi: Waulize hao.

Mgeni_Bagamoyo: Leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) inahitajika? Na droni juu ya Boma la Mjerumani?

Mwandishi: Leseni: usitegemee makala za 2018. Kanuni za maudhui mtandaoni ziliandikwa upya 2020, zikarekebishwa 2022. Waeleze TCRA unachoandika wakuambie upo kundi gani, hasa ukigusa habari. Droni inataka kibali cha TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga), pamoja na ruhusa ya wenye jengo.

Binti_Raskazoni: Shikamoo mwalimu. Naandika safari za kwenda kwenye mafungu ya mchanga. Saa za maji nikiziandika leo, kesho si za kweli. Nifanyeje ukurasa usichakae?

Mwandishi: Marahaba binti, swali zuri hilo. Usiandike saa, andika kanuni. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Bamvua, yaani maji kujaa sana na kupwa sana, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, au siku moja mbili baadaye. Kwetu siku za bamvua maji hupwa karibu saa nne asubuhi, na fungu hutoka vizuri. Tarehe saba au nane za mwezi wa Kiislamu, na ishirini na mbili au tatu, ni maji mafu: fungu linatoka kidogo au halitoki. Mpe msomaji tarehe hizo za mwezi wa Kiislamu, atajipigia hesabu mwaka wowote. Chini yake weka kiungo cha jedwali la maji, na onyo la kusi: Juni hadi Agosti upepo ni mkali, nahodha akisema leo hapana, ni hapana.

Binti_Raskazoni: Ahsante sana. Kumbe kalenda ya ukutani kwa bibi ndiyo jedwali langu.

Mkonge_Mweupe: Nyongeza: ukiwa na ukurasa wa Kiingereza, usitafsiri "saa nne asubuhi" kuwa saa 4. Mgeni atafika pwani alfajiri, maji yamejaa.

Mwandishi: Kweli kabisa. Andika 10:00, na tiketi ya basi vilevile.

Ngamiani_21: Kwa hiyo hosti gani?