Nyumba chakavu ya kukarabati na kuuza Dar: usianze na rangi

Watu wengi wakipata nyumba chakavu Tabata au Kimara wanawaza rangi na jipsamu. Hapana bana, anza na makaratasi. Muuzaji akuonyeshe hati au leseni ya makazi, uende ofisi ya ardhi ukafanye sechi ujue kama haijawekwa rehani benki, alafu pita serikali ya mtaa na kwa majirani uulizie hiyo familia, maana nyumba ya ndoa haiuzwi bila mwenza kuridhia na za mirathi ndo balaa kabisa, unamaliza kupiga tailizi shangazi anashuka kutoka Tanga na kesi mkononi. Cheki na hifadhi ya barabara, yaani eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili ya barabara. Waliobomolewa Kimara 2017 kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro wengine walikuwa na nyumba kali tu.

Kukagua nenda siku ya mvua, dalali atanuna ila nenda. Angalia ukuta kule chini, plasta ikimenyeka na kutoa unga mweupe hiyo ni chumvi, ukipaka rangi juu yake itarudi tu tena mteja akiwa sebuleni. Tafuta kwanza maji yanatoka wapi, mara nyingi bati linamwaga kwenye msingi au chemba imepasuka, ziba hapo, ndo ubandue plasta mpaka kwenye tofali, uache ukuta ukauke vizuri, upige upya na dawa ya kuzuia maji. Na mtu apande darini agonge mbao, mchwa hawaonekani ukiwa chini.

Hesabu sasa. Tuseme umenunua milioni 60, ukarabati 18, dalali na mwanasheria na ushuru wa stempu 3, ukauza 100. Imebaki 19, na TRA (mamlaka ya mapato) wana asilimia 10 ya hiyo faida, yaani 1.9. Ndo maana kila mfuko wa saruji dai risiti, gharama usiyoweza kuionyesha TRA wanaweza kuikataa.

Vifaa nunua mwenyewe, fundi mlipe kwa hatua (mimi nilishawahi kumpa mmoja hela yote, simu yake mpaka leo haipatikani). Hela ya urembo ielekeze jikoni, choo cha masta na geti. Sakafu kama haijaharibika iache. Madeni ya maji maliza kabla hujamleta mteja, na bei usimuulize dalali peke yake, ulizia nyumba ya jirani iliuzwa ngapi kweli, sio ilitangazwa ngapi.