Unataka msanii wa komiki akuchoree? Soma hii kabla hujamtumia meseji

Kila shabiki anayekusanya michoro halisi ya komiki ana mmoja alioagiza ambao lazima kila mgeni aoneshwe, na mwingine umelala kwenye folda hautoki. Ukimuuliza kwanini atakwambia ah yule msanii bana, ila ukifukua meseji walizoandikiana unakuta mambo yaliharibikia mwanzoni kabisa, maelezo hayakueleweka, hela ililipwa kienyeji, au aliyeagizwa hakuwa mtu wa kazi ile. Haya ni maelekezo kwa anayeagiza mara ya kwanza, nitakaa sana kwenye meseji ya oda na kwenye kusubiri maana ndo panapouma, mengine tutapita haraka.

Kwanza nani wa kumuagiza. Wengi wanafata jina kubwa, mi nasema fata mkono. Ile picha ya komiki iliyokufanya usifunue ukurasa unaofuata huenda imepita kwa watu watatu, mmoja kachora kwa penseli, mwingine kaja juu yake na wino, mwingine kapaka rangi kwenye kompyuta, kwahiyo unaweza ukamlipa wa penseli kumbe kilichokuwa kinakuvutia ni mistari ya yule wa wino. Soma majina kwenye ukurasa wa mwanzo uone nani kafanya nini, halafu nenda kwenye akaunti ya huyo msanii utafute oda alizowafanyia watu wengine, achana na kurasa zilizochapishwa, kwenye oda ndo unaona akiwa peke yake na karatasi anatoa nini. Angalia pia anachora nini pale ambapo hakuna aliyemlipa. Anayeposti mazimwi kila wiki kwa raha zake ukimpa zimwi atakupa zaidi ya ulicholipia, ukimpa gari la mashindano atachora gari, basi.

Uliza mapema kama anachorea kwenye karatasi. Usicheke, wasanii kibao siku hizi komiki nzima wanaichora kwenye tableti, hakuna ukurasa wa kushika mkononi, na kwa wengine oda maana yake ni faili. Faili sio baya kama ndo unachotaka, ila kama unataka karatasi yenye wino sema karatasi. Kwa komiki za Marekani saizi ya kawaida ni inchi 11 kwa 17 na mchoro wenyewe unakaa kwenye kama inchi 10 kwa 15, Japani wanaochora manga, yaani komiki za kwao, za kuchapishwa wanatumia sana B4, karatasi iliyo kati ya A4 na A3, kwahiyo inategemea mtu amezoea nini. Muache kwenye saizi aliyozoea, usimtanulie karatasi kwa sababu tu una fremu kubwa nyumbani.

Bei wanapanga kwa ukubwa wa kazi, kichwa na mabega ndo chini, mwili mzima juu yake, kila mhusika unayemuongeza anaongeza, na mandhari ya nyuma inakula muda kuliko watu wanavyodhani, ukisema nyuma kuwe na mji hapo umeagiza madirisha mia mbili. Hela ikiwa ndogo punguza oda, usiguse bei. Mhusika mmoja, wino mweusi, nyuma patupu, mara nyingi anapendeza kuliko timu nzima iliyobanana kama abiria wa daladala jioni. Na kumuomba punguzo mtu ambaye bei zake kazibandika wazi ni kujipeleka mwenyewe mwisho wa foleni, wala hatakwambia kama amekupeleka.

Sasa meseji. Kabla hujaandika soma masharti yake, wengi wanayaweka kwenye tovuti au kwenye posti ya juu kabisa, wapo wasiochora utupu, wapo wasiochora sura za watu halisi, wapo ambao oda zote zinapita kwa wakala na ukimvamia inboksi unamsumbua bure. Foleni ikifungwa imefungwa, usiombe upenyezwe. Ikiwa wazi andika kifupi, tuseme unamtaka Storm, yule shujaa wa kike wa komiki za X-Men anayeamrisha hali ya hewa, kitu cha namna hii:

"Habari za kazi, nimeona umefungua oda. Naomba Storm, mwili mzima, peke yake, wino bila rangi, 11 kwa 17, nyuma weka kidogo tu au usiweke. Namtaka Storm wa kiduku wa mwaka 1983, nimeambatanisha picha mbili za nguo zake. Awe ametulia, kama mtu anayejua mvua itanyesha kwa sababu yeye ndo kasema. Mkao nakuachia. Sahihi inatosha, usiandike jina langu. Bei ni ile ya kwenye posti? Na kwa sasa una watu wangapi mbele yangu?"

Basi. Angalia vilivyomo. Mwaka upo kwa sababu Storm ameanza 1975 akiwa na nywele ndefu na joho, Dave Cockrum ndo alimbuni hivyo pamoja na mwandishi Len Wein, halafu 1983 akanyoa kiduku na kuvaa nguo nyeusi za ngozi, sasa ukisema nataka Storm halafu ukanyamaza, msanii atachora yule anayempenda yeye na hatakuwa na kosa lolote. Wahusika wa muda mrefu wote wako hivyo, nguo zimebadilika mara kibao, na lawama nyingi za "sio niliyemtaka" chanzo chake ni hapo tu. Picha za rejea mbili tatu zinatosha, ziwe zinaonesha nguo vizuri, mbele na nyuma kama inawezekana. Usitume arobaini, na usitume picha iliyotengenezwa na AI ukamwambia fanya kama hii, kwa wasanii wengi hiyo ni tusi, oda inaweza kuishia palepale.

Halafu ona kisichokuwepo. Hakuna mkono wa kushoto uwe hapa, mguu upinde hivi, mwezi juu kulia, popo wanne. Kuna mashabiki wanatuma kurasa mbili za maelezo halafu wanashangaa mchoro umekuja mkavu, we umeshauchora kwa maneno, kwake umebakiza kunyoosha mistari tu. Mpe hali ya mhusika, mpe kipindi chake, mkao muachie. Ukitaka kumpa kazi ya kufikiria zaidi ipo mada wakusanyaji wanaipenda sana, dakika moja baadae, yaani unachukua kava maarufu, labda shujaa anaanguka kutoka ghorofani, unamuuliza msanii achore kilichotokea dakika moja baada ya hapo. Hizo huwa zinatoka tamu kwa sababu kapewa swali, hajapewa amri. Kuchorewa upya kava lenyewe kama lilivyo nako kupo na wapo wanaopenda, mi naona ni hela nyingi kwa kitu ambacho tayari unacho dukani, ila kila mtu na roho yake.

Omba akuoneshe mchoro wa awali kabla hajaweka wino. Hapo ndo pa kusema upanga uko mkono usio wake, au kiatu ni cha toleo jingine. Ukishaukubali na wino ukaingia, ya kwako umemaliza, kumwambia sasa geuza uso ni kumwambia aanze upya bure. Wengine hawaoneshi kabisa mchoro wa awali na wameandika hivyo kwenye masharti, kama roho yako haiwezi, nenda kwa mwingine.

Malipo. Wengi wanataka kishika uchumba, mara nyingi nusu, na wanaodai yote mwanzo nao wapo, sio lazima wawe matapeli. Cha kuangalia ni njia. Kwenye PayPal ukilipa kama ununuzi wa bidhaa una ulinzi, ukituma kama hela ya rafiki au ndugu huna, na hata huo ulinzi una mwisho, siku 180 tangu ulipe ndo mwisho wa kufungua malalamiko. Sasa piga hesabu. Foleni ya msanii ni mwaka mzima, we umelipa yote leo, siku 180 zitapita hata hajachonga penseli. Ndo maana kwa foleni ndefu muombe kwa adabu ulipe zamu yako ikikaribia, au nusu sasa na nusu akikuonesha kazi imekwisha, wengi wanakubali. Na kila kitu kiwe kwa maandishi, saizi, wahusika wangapi, wino au rangi, bei, usafirishaji nani analipa. Mkiongea kwa simu, ukikata mwandikie ulivyoelewa.

Alafu unasubiri. Hapa mashabiki ndo wanapoharibu uhusiano mzuri kabisa. Msanii mwenye komiki ya kila mwezi ana kurasa kama 20 za kumaliza kwa wiki nne, na oda yako inaingia kwenye mapengo, mhariri akisogeza tarehe mapengo yanakufa. Kwahiyo usiulize "itakuwa tayari lini", hajui, atakutajia tarehe ya kukuridhisha halafu itapita na wote mtaumia. Uliza uko wa ngapi. Namba ikisogea hata kidogo kidogo mambo yako sawa, ikikaa palepale miezi na yeye anafungua oda mpya na kuchukua hela za wengine, hapo ndo uanze kuwa na wasiwasi. Anaposti michoro ya komiki yake kila siku, sawa, ndo ajira. Anaposti oda za watu waliolipa baada yako, hapana, muandikie.

Na ukiandika usianze na ukali. Taja tarehe uliyolipa, mliyokubaliana, halafu mpe njia mbili, ama tarehe ambayo ataimaliza kweli ama akurudishie hela. Akiwa na wakala mtumie wakala. Kumwanika hadharani acha iwe ya mwisho kabisa, sio kwa kumuonea huruma, ni kwa sababu ukishamwanika motisha yake ya kukuchorea imekwisha, umebaki na kugombea hela tu. Akikwambia anaumwa au ana msiba mpe muda, na umwambie utamuulizia tena mwezi gani, ili asijione anakimbizwa.

Ukitaka bila kusubiri, njia ni maonyesho. San Diego Comic-Con ipo tangu 1970 na maonyesho makubwa ya namna hiyo huwa yana eneo lao wasanii, mtu ana meza na listi. Listi inajaa asubuhi ya kwanza, na wengine wanaijaza kwa imeli wiki kadhaa kabla, kwahiyo muulize mapema kabla hujafunga safari. Picha za rejea zichapishe kwenye karatasi, simu yako usimwachie mezani kwa masaa matatu. Na jua unanunua nini, mchoro wa haraka uliofanywa katikati ya kelele na watu wanaomsemesha, una uhai wake ila usiulinganishe na kazi ya nyumbani. Kuna komiki zinatoka na kava jeupe kwa ajili ya kuchorewa, nzuri, ila karatasi ile haipendi maji mengi, usimuombe rangi za maji. Ufaransa, kwenye matamasha ya komiki kama la Angoulême, wachoraji wanachora ndani ya kitabu chao ulichonunua wakati wanatia sahihi, ile ni zawadi sio oda, ukienda na masharti au ukaonekana umeiuza kesho yake watu wanakasirika na wana haki.

Mzigo ukija ufungue taratibu ukiwa unarekodi, wembe usizame. Mchoro uliofungwa vizuri umelala kati ya kadibodi mbili ngumu kubwa kuliko karatasi, ndani ya plastiki. Halafu usogeze kwenye mwanga kwa pembeni, maana hapo ndo utaona ulicholipia, penseli ambayo haikufutika chini ya wino, sehemu ameziba kwa rangi nyeupe akachora upya kidole, mistari ya bluu mepesi imeachwa. Hiyo bluu sio uchafu, kamera za uchapaji zamani zilikuwa haziioni ndo maana wachoraji hawakuhangaika kuifuta, na wengi mpaka leo wanaanzia nayo. Wapo watu wameandika kulalamika eti mchoro una madoa. Jamani.

Wino mweusi mzuri unadumu, makapeni ya rangi ya spiriti kama Copic hayadumu kwenye mwanga, yanapauka, kwahiyo yenye rangi usiiweke ukuta unaopigwa na jua na kioo kiwe cha kuzuia UV. Fundi wa fremu mwambie hakuna gundi wala selotepu kugusa karatasi, na karatasi ya nyuma isiwe na asidi. Na kumbuka karatasi ndo yako, haki ya kuichapisha hukununua. Ukuta wako sawa, kuposti na jina la msanii sawa, fulana za kuuza hapana, na mhusika akiwa wa kampuni hata msanii mwenyewe hawezi kukupa ruhusa hiyo.

La mwisho ni kwa walioshanogewa. Kama una mchoro wa penseli unaoupenda na unatamani mtu fulani auwekee wino, usimpelekee karatasi yenyewe. Skani mchoro kwa ubora mkubwa, uchapishwe kwa bluu hafifu kwenye karatasi ngumu nyingine, yeye aweke wino pale. Akikosea umepoteza karatasi tu, akipatia una michoro miwili. Muulize kwanza aliyechora penseli, akikataa uache hivyohivyo.