Jinsi ya kusoma historia ya nchi za kikomunisti bila kukremu majina

Wanafunzi wengi wakifika kidato cha juu wakakutana na hii topiki wanaanza na majina. Lenin, Stalin, Khrushchev, Brezhnev, halafu Mao, Deng, Castro, Ho Chi Minh, kila mtu na miaka yake, wanameza yote, mtihani unakuja swali linasema "eleza kwa nini" na hapo hamna jina hata moja linalosaidia. Majina yanashikika kirahisi tu ukishajua hao watu walikuwa wanagombania nini, na kwa maoni yangu kilichowagombanisha kuliko vyote ni chakula, yaani nafaka, nani analima, nani anachukua, kwa bei gani.

Anzia hapa. Marx, mwandishi ambaye wakomunisti walifuata mawazo yake, alitegemea mapinduzi yatokee kwenye nchi zenye viwanda na wafanyakazi wengi. Yakaja kutokea Urusi 1917, ambako watu wengi walikuwa wakulima wa vijijini, halafu China 1949 hivohivo. Kwa hiyo una chama kinachosema ni cha wafanyakazi wa viwandani kinatawala nchi ya wakulima, na kinataka viwanda haraka, sasa hela ya viwanda itatoka wapi kama sio shambani? Tembea na hilo swali kichwani, litakufafanulia sehemu kubwa ya silabasi.

Jaribu na Urusi uone. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe serikali ya Lenin, kiongozi wa mapinduzi, inatuma vikosi vijijini kuchukua nafaka kwa nguvu, wakulima wanapunguza kulima, njaa inaingia, Machi 1921 mabaharia wa Kronstadt, kambi ya jeshi la majini, wanaasi, na hao ndo walikuwa watu wa mapinduzi wenyewe, basi Lenin anarudi nyuma analeta NEP, yaani sera mpya ya uchumi, mkulima analipa kodi kisha anauza kinachobaki. Mambo yanatulia. Halafu mwisho wa 1927 nafaka inayofika serikalini haitoshi sababu bei wanayotoa ni ndogo na mkulima anaona bora abaki nayo ghalani, Januari 1928 Stalin, aliyemfuata Lenin, anakwenda Siberia mwenyewe kusimamia ukusanyaji, na kutoka hapo safari ni moja kwa moja hadi mashamba ya pamoja. Nafaka iliendelea kuuzwa nje ili kulipia mitambo hata wakati watu wanakufa njaa Ukraine na Kazakhstan, zilizokuwa chini ya utawala huohuo, 1932 na 1933. Hapo hujakariri kitu, kila hatua imesukumwa na iliyotangulia.

Sasa China. 1958 Mao, kiongozi wa nchi, anatangaza Mruko Mkubwa Mbele, wakulima wanaingizwa kwenye komuni, yaani mashamba makubwa ya pamoja, wanakula majiko ya pamoja, wengine wanatolewa shambani wakayeyushe chuma kwenye tanuri za kienyeji. Viongozi wa chini wakawa wanashindana kudanganya mavuno, na serikali inachukua sehemu yake kwa hesabu ya kwenye karatasi, sio ya kwenye ghala. 1959 kwenye mkutano wa Lushan Peng Dehuai, waziri wa ulinzi, akamwambia Mao ukweli, akatolewa kazini, na baada ya hapo nani tena angefungua mdomo? Njaa ikaendelea hadi karibu 1961. Ukitaka kuona mwisho wa hiyo hadithi ruka hadi 1978 kijiji cha Xiaogang mkoa wa Anhui, wakulima wanawekeana saini kwa siri kwamba kila kaya itashughulika na kipande chake. Lilikuwa kosa la kwenda jela, lakini mavuno yakapanda, na chini ya Deng, aliyekuja kuongoza baada ya Mao, mtindo huo ukaruhusiwa na kuenea nchi nzima. Vietnam nao 1986 wakaja na Doi Moi, mageuzi yao ya uchumi, na ilipofika 1989 nchi iliyokuwa ikiagiza mchele ikawa inauuza nje.

Hata Poland, ambako mapinduzi hayakutoka ndani bali yalikuja na jeshi la Kisovyeti, ukifuata bei ya chakula unafika. Desemba 1970 bei zinapandishwa, wafanyakazi wa bandarini wanagoma, wanapigwa risasi, Gomułka, kiongozi wa chama, anaanguka. Julai 1980 bei ya nyama inapanda, migomo inafika Gdańsk, Solidarity, chama huru cha wafanyakazi, inazaliwa. Miaka 9 baadae kuna uchaguzi na chama tawala cha kikomunisti kinashindwa vibaya.

Ila usiilazimishe hii njia kila mahali. Mauaji ya Stalin ya 1937 na 1938 Urusi hayaelezeki kwa nafaka, wala vifaru vya jeshi la Kisovyeti kuingia Prague, Czechoslovakia, Agosti 1968. Hapo uliza swali la pili: madaraka yanabadilishwaje? Jibu ni kwamba hakukuwa na njia iliyokubalika ya kumbadilisha mkubwa, kwa hiyo kila akifa mtu panakuwa na vurugu za chumbani. Lenin alikufa Januari 1924 na ikamchukua Stalin karibu miaka 5 kuwamaliza wenzake kisiasa mmoja mmoja. Stalin kafa Machi 1953, Beria, mkuu wake wa polisi wa siri, kakamatwa Juni. Mao kafa Septemba 1976, mjane wake na wenzake watatu wako ndani Oktoba. Ukipanga hivi vifo kwenye karatasi moja na kilichofuata pembeni, umeshapata ukurasa mzuri wa marudio.

Kwenye daftari usigawe kwa nchi. Gawa kwa maswali, juu ya ukurasa andika "chakula", "kurithi madaraka", "kwa nini watu wengine waliunga mkono kweli" (hili watu wanalisahau, kumbe Cuba ile kampeni ya kusoma na kuandika ya 1961 ilifikia mamia ya maelfu ya watu, huwezi kuelezea utawala uliodumu kwa kusema ni bunduki tu), halafu nchi zinaingia chini yake.

Vyanzo ndo sehemu yenye maksi nyingi na ndo watu wanapoharibu. Wakipewa maneno ya Stalin wanaandika "hii ni propaganda" wanafunga. Haya, ni propaganda, sasa inakwambia nini? Chukua makala yake kwenye Pravda, gazeti la chama, la 2 Machi 1930, kichwa chake kinazungumzia kulewa mafanikio. Anasema kazi ya mashamba ya pamoja inaenda vizuri, nusu ya kaya za wakulima zimeshaingia, ila viongozi wa huko chini wamezidisha, wamelazimisha watu. Soma taratibu. Kwanza amekubali kwamba kulikuwa na kulazimisha, na mkubwa hakubali kitu kama hicho gazetini kama vijijini kumetulia, kwa hiyo unajua upinzani ulikuwa mkubwa. Pili lawama zote zimeenda kwa wadogo, wakati haraka ile ilitoka kwake. Tatu angalia tarehe, ni Machi, msimu wa kupanda unakaribia, wakulima wakigoma kupanda ni balaa. Na baada ya makala watu wakajitoa kwa mamilioni hadi zikabaki chini ya robo ya kaya, kabla ya kurudishwa tena kwa nguvu miaka iliyofuata. Chanzo kimoja cha uongo nusu kimekupa pointi tatu.

Picha ni hivohivo. Kuna ile ya Lenin anahutubia askari Moscow 5 Mei 1920, yuko juu ya jukwaa la mbao, na kwenye ngazi za pembeni wamesimama Trotsky na Kamenev, viongozi wenzake. Baadae ikaanza kutoka vitabuni ngazi hazina mtu. Mtahini akikuwekea hiyo usipoteze muda kuelezea Lenin kavaa nini, eleza lini hao wawili walikuja kuwa maadui wa Stalin na nani alifaidika wasionekane.

Kwenye idadi ya waliokufa kuwa makini sana. Usiandike namba moja kama umeihesabu mwenyewe. Kwa njaa ya China wataalamu wanatofautiana kuanzia milioni 15 hivi hadi 45, na sababu ni jinsi wanavyokadiria vifo na uzazi kutoka kwenye takwimu zilizovurugwa. Urusi sensa ya 1937 ilitoa watu pungufu na Stalin alivyotaka, ikafichwa na waliosimamia wakakamatwa. Kwa hiyo andika "makadirio ni kati ya hapa na hapa" na useme kwa nini, utaonekana unajua unachofanya. Pia angalia kitabu chako kimeandikwa lini, kilichotoka kabla ya 1991 mwandishi wake hakuwa na zile nyaraka za Moscow zilizofunguliwa baadae.

Mtego mwingine ni kuandika kama vile wakomunisti wote walikuwa timu moja. Tito wa Yugoslavia aligombana na Stalin 1948, China na Urusi zilianza kutukanana hadharani kuanzia 1960. Khmer Rouge, wakomunisti wa Cambodia waliohamisha mji mkuu mzima wa Phnom Penh kwenda mashambani Aprili 1975, na kudai tani 3 za mpunga kwa hekta, walitolewa na nani Januari 1979? Na Vietnam ya kikomunisti, na mwezi uliofuata China ya kikomunisti ikaivamia Vietnam. Swali la kulinganisha likija anza na hiyo tofauti.

Insha yenyewe fupi tu: jibu swali kwenye sentensi ya kwanza, usianze na historia ya Marx tangu kuzaliwa. Kila aya ibebe sababu moja, tukio moja lenye mwaka, na sentensi inayorudi kwenye swali. Tarehe 20 ulizozielewa zinatosha.

Na kuhusu tarehe, Urusi ilikuwa na kalenda ya zamani hadi 1918, mwaka huo walilala 31 Januari wakaamka 14 Februari. Ndo maana mapinduzi ya Oktoba kitabu kimoja kina 25 Oktoba na kingine 7 Novemba, usifute hata moja, andika ya pili na uweke ya kwanza kwenye mabano.