SOMO: Kuchora mnururisho wa antena ya 28 GHz kwa openEMS

Wakuu, swali hili nimelijibu inboksi mpaka basi. Naliweka hapa, atakayeuliza tena nitamtupia linki tu.

1. Shusha openEMS, programu ya kupiga hesabu ya mawimbi ya redio, ni ya bure. Maelekezo unaiandikia kwa lugha ya Octave au Python, chagua unayoijua.

2. Urefu wa wimbi: 300 gawa kwa megahezi, jibu ni mita. Kwa 28 GHz, yaani megahezi 28,000, ni milimita 10.7.

3. Chora kipande cha shaba, ubao wake, shaba ya chini na mlisho (pale mawimbi yanapoingizwa).

4. Gridi, yaani vyumba vidogo ambamo programu inapiga hesabu ya wimbi, hatua kwa hatua ya muda. Hapa ndipo watu wanapoumia. Hiyo 10.7 ni ya hewani. Ndani ya ubao wimbi hufupika. Ubao wenye dielektriki 2.2 (namba ya ubao inayoonyesha unavyofupisha wimbi), gawa kwa kipeuo cha pili cha 2.2, unabaki na milimita 7.2. Chumba cha gridi kisizidi sehemu ya 20 ya hapo, na kwenye kingo za shaba bana zaidi, maana mkondo umejazana pale. Ukipiga hesabu ya hewani programu hailalamiki: inakupa picha ya rangi nzuri kabisa, ya uongo. Ila usizidishe. Ukikata vyumba nusu pande zote tatu, vinakuwa mara 8 na hatua za muda mara 2. Kazi ya saa 1 inageuka saa 16, na umeme ukikatika katikati utajijua.

5. Acha hewa angalau robo ya wimbi kabla ya kuta za kunyonya mawimbi.

6. Endesha, chora.

MASWALI

– Mkuu haifanyi kazi.
– Nini hakifanyi kazi? Bandika kosa lenyewe.
– Imegoma tu.
– Namba 4. Isome.

– Nimepanga antena 8 kwa safu, nikigeuza mwale unazuka mwingine upande wa pili. Ni gridi?
– Swali zuri hili. Si gridi, umeziachanisha mno. Zikipishana wimbi zima, kuna upande mwingine ambako mawimbi yanafika yamelingana, ndiyo huyo pacha. Sogeza hadi nusu wimbi, milimita 5.35.

– Niko Mwanga, Kigoma. Nikiifunga mlimani ikiwa imenyooka, mji wote utapata?
– Watapata wavuvi wa dagaa huko ziwani. Mchoro ni wa anga tupu, haujui milima wala maji. Ukiwa mita 100 juu ya wateja walio kilomita 1, inamisha nyuzi kama 6.

– RAM yangu ni GB 4 tu, kaka, itatosha?
– Kama antena inalingana kushoto na kulia, chora nusu, katikati weka ukuta wa sumaku (mpaka unaofanya kazi kama kioo, programu inaihesabu nusu ya pili kama ipo). Na kagua umbo kwa AppCSXCAD, kitazamio cha openEMS, kabla hujaendesha.