Kufuga beta nyumbani: andaa maji kwanza, samaki nunua mwisho

Kama umemwona samaki beta dukani kwenye kile kichupa kidogo ukadhani ndo makazi yake, hapana jamani, pale wanatenganishwa tu maana madume wawili wakikutana wanararuana. Watu wanasema anaishi popote kwa sababu anavuta hewa ya juu, na kweli ana kiungo cha kupumulia hewa kichwani, afu kwao Thailand anaishi kwenye majaruba ya mpunga na madimbwi ya kina kifupi, ila hayo majaruba ni mapana, yana majani na yana joto, sio sawa na bakuli la kioo juu ya friji.

Tangi anzia lita 20. Fundi wa vioo anakutengenezea kwa oda, mwambie aliongeze upana sio urefu wa kwenda juu, maana beta anapanda kuvuta hewa kila saa na yale mapezi marefu yanamchosha. Mfuniko wenye matundu ni lazima, huyu anaruka. Usijaze hadi ukingoni.

Sasa maji, hapa ndo wengi wanaua samaki. Maji ya bomba yana klorini, kwa hiyo weka matone ya kuondoa klorini, au yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kwanza ingawa matone ni uhakika zaidi. Weka changarawe uliyoosha vizuri, filta ya sponji na pampu ndogo ya hewa (filta yenye mkondo mkali inamsumbua), afu washa na usiweke samaki. Ndio, tangi tupu. Kila siku dondosha chakula kidogo kioze humo. Kikioza kinatoa amonia ambayo ni sumu, bakteria wanazaliana kwenye sponji wanaigeuza kuwa nitraiti ambayo nayo ni sumu, halafu wengine wanaigeuza nitreti ambayo sio kali sana na unaipunguza kwa kubadilisha maji. Hii kazi inachukua kama wiki 4 hadi 6. Pima na vikaratasi vya kupimia maji, amonia na nitraiti zikisoma sifuri huku nitreti ipo, tangi liko tayari. Ukiwa na mshkaji ambaye tangi lake limeshapita hatua hii muombe kipande cha sponji yake chafu, utafupisha sana.

Joto liwe kati ya 24 na 28. Dar, Tanga, Mombasa huko hita unaweza usiihitaji karibu mwaka mzima, ila Nairobi, Arusha au Iringa mwezi wa saba bila hita anazubaa chini, hataki kula, mwisho anaumwa. Watti 50 inatosha tangi hilo.

Na kitu kizuri ambacho wenzetu ng'ambo wanakinunua kwa paketi sisi wa pwani tunakifagia kila asubuhi: majani ya mti wa mkungu, ule unaozaa kungu. Okota yaliyokauka yakaanguka yenyewe, sio ya kando ya barabara, suuza, weka jani moja. Maji yatakuwa kama chai ya rangi, usishtuke, beta anayapenda na anajificha chini yake. Mimea ya plastiki mi siitaki, inachana mapezi, weka mimea halisi kama anubiasi, haitaki taa kali.

Samaki akifika acha mfuko wake uelee juu ya maji kama dakika 15, mwongezee maji ya tangi kidogokidogo, afu mtoe kwa kineti, maji ya dukani mwaga. Siku ya kwanza akigoma kula muache.

Chakula ni punje 2 au 3 za chakula cha beta asubuhi na jioni, basi. Mkate na ugali hapana, huyu ni mla nyama. Viluwiluwi vya mbu anavifurahia mno, ila weka vichache avimalize, usije ukafuga mbu sebuleni.

Kila wiki toa robo ya maji, rudisha yaliyoondolewa klorini yenye joto lilelile. Sponji ikiziba ikamulie kwenye hayo maji machafu uliyoyatoa, ukiiosha bombani klorini inaua bakteria na unaweza kuanza upya. Na ukikuta mapovu yamerundikana juu kwenye kona usiyatoe, dume anajenga kiota.