Kabla lori halijatoka Tanga, panga utapumzika wapi

Madereva wengi huanza kuhesabu saa zao za kazi lori likishaipita Pongwe, pembezoni mwa Tanga. Hapo hesabu imeshaharibika. Ukiripoti bandarini saa 12 asubuhi, ukakaa foleni, ukasimamia upakiaji na kumsaidia utingo kukaza turubai, zote hizo ni saa za kazi, hata kama gurudumu halijazunguka. Kabla ya kitu kingine chochote, andika saa uliyoripoti.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka aliyefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano apewe mapumziko ya angalau dakika 60. Siku ya kawaida ni saa tisa, na hata ukiweka saa za ziada jumla isizidi 12. Ukimaliza kazi, zipite saa 12 mfululizo kabla hujaianza tena. Na kila wiki upate saa 24 za kupumzika.

Sasa chukua safari ya Arusha. Umeripoti saa 12, umetoka getini saa 2. Na mzigo wako, kupitia Muheza, Segera na Korogwe, saa 5 asubuhi itakukuta maeneo ya Mombo. Paki hapo ule. Wapo wanaong'ang'ania hadi Same kwa kuwa "bado mwili una nguvu", kisha wanashiba ugali na kuingia barabarani saa 8 mchana, jua kali, njia imenyooka chini ya milima ya Upare. Huko ndiko kope zinakogoma. Mimi ningekula kidogo Mombo, ninywe kahawa, halafu nijilaze dakika 20 papo hapo, maana kahawa huchukua kama nusu saa kuanza kufanya kazi. Mirungi haina nafasi katika hesabu hii, na kisheria ni kosa.

Ukiondoka Mombo saa 6 mchana, mpango wa kulala Himo, kabla ya Moshi, unawezekana bila kukimbizana. Ukizima injini saa 11 jioni, usiiwashe kabla ya saa 11 alfajiri. Utingo asiye na leseni ya malori usimhesabu kama dereva wa pili, hata akikuapia kwamba njia anaijua.

Yaliyobaki ni ya kumalizana na tajiri kabla hujaondoka, na hapa ndipo penye ugumu. Posho ya kulala uiondoke nayo mkononi, kwa sababu dereva asiye na hela ya gesti ataendesha usiku tu. Mwulize nani atalinda mzigo na mafuta ukiwa umelala. Akisema ulinde wewe, mkumbushe kwa adabu kwamba mapumziko ambayo mwajiri amekutaka uwe tayari kwa kazi yanalipwa. Wengi hawapendi swali hilo, lakini afadhali mbishane Tanga kuliko kwenye simu ukiwa Mwanga. Saa ya kufika aliyomwahidi mteja pia muipige hesabu pamoja: kama haina nafasi ya Mombo wala Himo, ibadilishwe kabla mzigo haujafungwa.

Daftari liwe na safu nne: saa ya kuripoti, kutoka, kusimama na kuondoka tena. Foleni ya mizani iandikwe kama kazi.