Kusoma namba za obiti ya setilaiti: anza na epoki

Programu ya simu itakuambia Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu (ISS) kinapita saa ngapi juu ya Dodoma au Lamu. Saa hiyo inapigiwa hesabu kutoka mistari miwili ya namba, kila mmoja nafasi 69, inayopatikana bure kwenye tovuti ya CelesTrak. Inaeleza obiti, yaani njia ambayo setilaiti huizunguka dunia. Tuisome wenyewe.

Hatua ya 1. Hakikisha setilaiti ndiyo yenyewe. Mistari yote miwili hubeba namba yake ya orodha. Ya ISS ni 25544.

Hatua ya 2. Tafuta epoki, mstari wa kwanza, nafasi ya 19 hadi 32. Ni saa ambayo vipimo vyote vingine vimefungwa nayo. Tuseme imeandikwa 25100.90000000. Hiyo 25 ni mwaka 2025. 100 ni siku ya mia ya mwaka, yaani 10 Aprili (mwaka mrefu ingekuwa 9 Aprili). Inabaki 0.9: zidisha kwa 24 upate 21.6, ambayo ni 21:36 UTC (saa ya kimataifa). Ongeza saa tatu zetu za Afrika Mashariki: 00:36. Kwa hiyo ni saa sita na dakika 36 usiku, na kalenda ya ukutani imeshaingia 11 Aprili. Tarehe hiyo ndiyo inayowaponza watu, kuliko hesabu yenyewe.

Hatua ya 3. Mstari wa pili, soma namba mbili tu kwanza. Mwinamo wa obiti ya ISS ni nyuzi 51.6 kutoka ikweta, kwa hiyo sisi wote tumo njiani mwake. Mwishoni kuna mizunguko kwa siku, kama 15.5, gawa 1,440 kwa hiyo, upate dakika 93 kwa mzunguko.

MASWALI

Mwalimu, namba ya umbo la obiti imeandikwa 0006703. Ndiyo elfu sita?

Hapana, nukta huachwa. Isome 0.0006703: karibu duara kamili.

Namba za mwezi uliopita zinafaa?

Kwa ISS, hapana. Kilomita 400 juu bado kuna hewa kidogo inayoikokota, na mara kwa mara injini huwashwa kuipandisha. Inakwenda kilomita 7.7 kwa sekunde, hivyo kosa la dakika moja ni kilomita 460. Chukua za leo au jana.

Kaka, programu iliniambia ISS inapita saa sita usiku, nikatoka, sikuona kitu!

Ilipita, ila kivulini. Tunachokiona ni mwanga wa jua unaoipiga. Huku kwetu jaribu saa moja au mbili baada ya jua kuzama, au kabla halijachomoza.